Uzito wa Triga Yako

Mpumudde, Jinja
Jumapili mchana, 1997

Khainza mwanangu,

Salamu tutapeana asubuhi, kwa hiyo hapa naziruka. Mambo ya chandarua, sabuni na koti la baridi nayo nayaruka, maana mama yako amekuhubiria wiki nzima, na nikiongeza neno ataona namwingilia kazi yake. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Yeye yuko uani anapiga pasi yunifomu yako kwa mara ya pili. Mimi nimejifungia chumbani na nimemwambia naandika ripoti ya karakana. Huo ni uongo mdogo. Nakuandikia kwa sababu ya ule mkubwa.

Alhamisi ulikuja karakanani ukanikuta na zile bunduki tatu za kuwindia zinazopelekwa Mbale kwa askari wa wanyama waharibifu. Uliiokota ile yenye namba yako ya askari, ukafungua bolti, ukatazama chemba, ukapitisha na kidole ndani kuhakikisha haina kitu. Nilifurahi kimoyomoyo. Kisha ukalenga ukutani, ukavuta, ukakunja uso.

"Baba, hii triga iko ngumu. Navuta, mtutu nakwenda kando. Nilegezee kidogo."

Nikakuambia nitaona. Ukacheka, ukasema, "Utaona nini? Si wewe ndio fundi?" Kisha ukaondoka. Hukuona jinsi nilivyobaki nikitafuta kitambaa ambacho kilikuwa mkononi mwangu.

Basi jibu lako ni hili. Uzito wa triga ni nguvu ambayo kidole kinatumia mpaka lile jino la chuma ndani liiachie pini. Yako ilikuwa na kilo tatu na nusu, na hapo ulisema kweli, ni nzito mno. Mtu anayepigana na triga anaitikisa bunduki, anamjeruhi nguruwe pori badala ya kumwua, na nguruwe aliyejeruhiwa anarudi kwa watu. Kwa hiyo nimeishusha. Nimeishusha mpaka kilo mbili na robo, nikapima mara kumi kwa ile mizani ya ndoano ya kupimia samaki, na mara zote kumi jino limeachia pale pale. Hapo nimeacha na hapo itabaki. Najua ulitaka kilo moja au chini yake. Najua pia utanuna, kwa sababu huwa unanuna. Nuna, lakini endelea kusoma.

Unajua kwamba baba mdogo wako Mafabi alijipiga risasi mguuni kwa uzembe wake. Kila mtu anajua. Utakaa nyumbani kwake, na mtaa mzima wa kule Mbale unamwita Bwana Kidole, eti kidole chake kilitangulia kabla ya akili. Wewe mwenyewe Krismasi ya juzi ulimwuliza mezani, "Baba mdogo, kidole kiko wapi leo?" Tukacheka wote, na yeye akacheka kutushinda. Sikukukemea. Mimi nami nilicheka, Khainza, na mchuzi ukanipalia, mama yako akanipiga mgongoni akidhani ni kicheko.

Mafabi hakuwa mzembe. Mzembe alikuwa mimi.

Ulikuwa darasa la sita. Mafabi alikuwa askari wa wanyama waharibifu, kazi hii hii unayokwenda kuianza, na nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi na viazi vya watu kule milimani. Akaja hapa na bunduki yake kwa ruhusa ya ofisi ili niisafishe. Malalamiko yake yalikuwa kama yako. "Kaka, hii kitu iko ngumu sana. Nguruwe napita, nafika kwao, mimi bado navuta tu."

Wakati ule nilikuwa nimetoka jeshini majuzi, na kichwa changu kilikuwa kimejaa sifa. Kule nilikuwa nawalegezea bunduki maafande waliopenda kushindana shabaha. Triga zao niliziacha laini mno, wakanipigia makofi, nikaamini kwamba ufundi ndio huo. Sikujiuliza kitu kimoja rahisi. Bunduki ya shabaha inalala juu ya meza, mtu amekaa kimya, risasi inaingia chemba pale pale na kutoka pale pale. Hakuna anayekimbia nayo kwenye tope huku mbwa wanabweka.

Nikakaa na tupa. Nikalisugua jino, nikaipunguza springi, nikapima: kilo mbili. Mafabi akajaribu, akasema bado. Nikasugua tena, kilo moja. Hapo mtu mwenye akili angeweka tupa chini. Lakini Mafabi alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye kigoda, ananitazama mikono vile alivyokuwa akinitazama tukiwa wadogo nikimchongea gari la mti, na mimi nilitaka aendelee kunitazama hivyo. Nikaendelea mpaka nusu kilo. Akavuta bunduki tupu mara moja, akashtuka, akacheka mpaka machozi. "Kaka, sasa hii nasikia mpaka mawazo!"

Kulikuwa na kipimo kimoja kimebaki. Unakijua, nimekufundisha, na hujawahi kuniuliza kwa nini nakitilia mkazo mpaka nakuudhi. Unahakikisha bunduki ni tupu, unaikoki, unaweka kipande cha tairi sakafuni, unakigonga kitako juu yake mara tatu kwa nguvu. Pini ikianguka bila triga kuguswa, bunduki hiyo haitoki mlangoni. Kazi yenyewe inakwisha kabla chai haijapoa. Siku ile sikuifanya. Mama yako alikuwa ameita chakula na Mafabi alikuwa ananisifu.

Kisha akaniomba nijaze grisi ndani, kwa sababu mvua ya kwao haina mchezo. Nikaijaza. Hapa Jinja, kwa joto hili, grisi ilikuwa laini na kila kitu kilicheza vizuri. Kule juu asubuhi grisi inaganda. Jino lililosuguliwa mpaka likabaki na ncha kidogo ya kushikia, likizungukwa na grisi iliyoganda, halirudi mahali pake lote. Linashika nusu, na nusu hiyo inasubiri kutikiswa tu.

Na jambo la mwisho, ambalo nililijua wakati ule kama ninavyolijua leo: kitufe cha usalama cha bunduki zile kinafunga triga peke yake. Jino hakilishiki. Jino likichomoka lenyewe, kitufe kiwe kimefungwa au kimefunguliwa, risasi inatoka.

Yaliyotokea nayajua kwa mdomo wake. Watu walikuwa wanawasukuma nguruwe kwa mbwa na kelele za madebe, na Mafabi alikuwa amesimama mwisho wa migomba akiwangoja, risasi iko chemba. Mvua ikaanza. Nguruwe wakageuka kuelekea kijito, na watu wakampigia kelele akimbie huko. Akafunga usalama. Akaivaa bunduki begani mtutu ukitazama chini, ndani ya koti, kama wanavyofanya wote kule ili maji yasiingie, akateremka mbio. Kwenye ukingo wa kijito akateleza, akaanguka kwa ubavu, na kitako kikagonga jiwe. Risasi ikashuka kwenye mfupa wa goti. Wakambeba juu ya ngazi ya mbao mpaka barabarani.

Nilifika Mbale kesho yake nikiwa na sanduku langu la kazi. Mpaka leo sijui kwa nini nililibeba kwenda kumwona mgonjwa. Au najua. Kabla sijaingia hospitali, chifu wa pale aliyekuwa ameichukua bunduki alinikuta langoni. Mzee mwenye haraka, alikuwa na karatasi za kujaza.

"Afande, wewe ndio fundi, sivyo? Angalia hii bunduki kama iko na ubovu. Mimi nataka kuandika."

Akanipeleka ofisini kwake, akaniachia chumba cha nyuma na kufunga mlango. Nikatoa risasi zilizobaki, nikaikoki tupu, nikavua kiatu changu cha raba nikakiweka sakafuni. Nikagonga mara ya kwanza, kimya. Nikagonga mara ya pili, pini ikaanguka, ta! Kitufe cha usalama kilikuwa kimefungwa. Nilikifunga mwenyewe kwa makusudi, nikitumaini kwamba nitakuwa nimekosea.

Nilikaa pale nikisikia chifu anakohoa upande wa pili wa ukuta. Ndani ya sanduku langu mlikuwa na jino zima na springi nzima vya bunduki ya aina ile ile, nilivyovitoa kwenye bunduki mbovu. Mikono ilianza kabla sijaiambia ianze. Nikafungua, nikatoa jino langu, nikaweka lile zima, nikafuta grisi yote kwa shati la ndani, nikafunga. Jasho lilikuwa linadondokea kwenye chuma na mimi nalifuta kwa kiwiko. Chifu akagonga mlango. "Afande, bado?" Nikajibu, "Tayari." Nikatoka nje, nikaigonga bunduki mbele yake mara tatu, mara nne, mara tano. Pini haikutingishika.

"Haina ubovu," nikasema.

Akaandika pale pale, amesimama, karatasi juu ya kiganja: uzembe wa askari. Lile jino baya nilikuwa nalo mfukoni. Nilikwenda nalo hospitali.

Mguu walikuwa wamekwisha kuukata. Mafabi alikuwa macho, midomo imekauka, akanishika mkono kabla sijaketi. "Kaka, mimi nilifunga usalama. Haki ya Mungu nilifunga. Nakumbuka kidole gumba kilisukuma. Wewe unajua hizi vitu. Inaweza kutoka kama nimefunga?"

Aliniuliza swali la fundi, Khainza, na fundi nilikuwa mimi, na jibu lilikuwa linanichoma paja ndani ya mfuko. Nikamwambia, "Pumzika. Wakati mwingine mtu anafikiri amefunga."

Maneno hayo ndiyo yaliyomwua. Mguu aliupoteza kwa ujinga wangu, na ujinga Mungu anaweza kuusamehe. Lakini yale maneno niliyachagua.

Walimfukuza kazi. Hakupata hata barua ya asante. Mwaka wa kwanza bado alikuwa anasema, "Nilifunga." Akiwaambia watu pale sokoni anaposhona viatu, wanamcheka. Baadaye akawa anasema, "Nilidhani nilifunga." Siku hizi, umemsikia mwenyewe, anasema, "Nilisahau kufunga." Anawaambia vijana wajifunze kwake. Ndugu yangu alikuwa na kumbukumbu ya kweli, naye ameifuta kidogo kidogo mpaka ikalingana na uongo wangu, na mimi nimekaa nikimtazama akiifuta. Nimempelekea godoro, nimempelekea redio, nimemlea mwanawe mmoja hapa nyumbani mpaka akamaliza shule. Ukoo mzima unasema hakuna kaka kama mimi. Wakisema hivyo natoka nje kana kwamba nakwenda chooni.

Mama yako hajui. Hakuna mtu mwingine anayejua. Umekuwa wa kwanza, na nasikitika kwamba zawadi yako ya kuondoka nyumbani ndiyo hii. Pengine ulitaka saa.

Lakini ningekuachaje uende? Jioni yako ya kwanza Mbale, Mafabi atakukalisha na kukwambia, kwa moyo wake wote, kwamba usalama ukifungwa uko salama, kwamba yeye aliumia kwa kusahau. Utamwamini, maana ana mguu mmoja wa kuthibitishia. Utakimbia kwenye mteremko na risasi chemba, umefunga kitufe, umetulia. Halafu siku moja utachoka na triga ya baba yako, na kule mtaa wa viwanda wa Industrial utampata fundi hodari wa tupa, kijana mwenye maneno mazuri, atakayekulegezea huku unakunywa soda. Nimeliona jambo hilo kichwani tangu Alhamisi. Naona kijito, naona jiwe, lakini anayeteleza ni wewe. Sijala vizuri. Mama yako anadhani nakulilia.

Kwa hiyo kilo mbili na robo. Kule juu vidole vyako vitakufa ganzi kwa baridi, na kidole chenye ganzi hakijui kimegusa nini mpaka kimeshavuta. Triga ni lazima ikupe nafasi ya kujua. Uzito huo unatosha kukuchelewesha ukiwa na hofu, na hautoshi kukuharibia shabaha ukiwa umetulia. Utazoea kwa wiki mbili ukifanya mazoezi na bunduki tupu. Ndani nimepaka mafuta ya cherehani, matone mawili tu, na mtu akikuletea grisi mshukuru, akaipake kwenye baiskeli yake. Kile kipimo cha kitako kifanye kila unapokabidhiwa bunduki, hata kama aliyekukabidhi ni mkubwa wako na anakutazama kwa dharau. Na ukianza kutembea, toa risasi chemba. Watu watapiga kelele kwamba nguruwe wanatoroka. Waache watoroke. Mimi sijawahi kuona nguruwe mwenye thamani ya mguu, na nimefikiria sana habari hiyo.

Mengine juu ya silaha unayajua kunishinda, umefundishwa na watu wenye subira. Hili moja sidhani walikufundisha: siku utakapokosea, na utakosea, kutakuwa na dakika chache ambazo hakuna aliyeona bado. Mimi nilizitumia zile dakika vizuri sana. Mikono yangu haijawahi kufanya kazi safi kama ile. Niogope mimi wa zile dakika kuliko unavyoogopa bunduki.

Sasa nifike ninapopakwepa. Mara tatu kwenye karatasi hii nimeandika sentensi ya kukuomba umwambie Mafabi wewe, kwa upole wako, mkiwa mmekaa, ukichagua wakati mzuri. Mara tatu nimeikata, na unaona mwenyewe wino ulivyochafuka hapo juu. Ningekutuma mtoto ukabebe kilichonishinda mimi mtu mzima, halafu ningekaa hapa Jinja nikingoja habari. Hiyo ingekuwa ni kubadilisha jino tena.

Kwa hiyo kesho nakwenda nawe. Mama yako nimemwambia nakusindikiza, akafurahi, akasema kumbe nina moyo. Barua hii nitakupa tukishapita Iganga, basi likiwa limeshika mwendo, ili wewe usiwe na pa kukimbilia na mimi nisiwe na pa kushukia. Ukimaliza kuisoma usiniambie kitu. Tazama nje. Ukitaka kuhama kiti, hama, sitakulaumu.

Mafabi atakuja stendi na mkongojo wake, amevaa lile shati jeupe la kupokea wageni. Atanikumbatia, maana ananikumbatia kila mara. Nitamwomba tusimame kando, na nitamwambia kwamba alifunga usalama. Nitaanza na hilo, kabla ya kuomba msamaha, kwa sababu msamaha ni wa kwangu na hilo ni la kwake. Halafu nitamwambia yote, na la chifu. Baada ya hapo nitakwenda na kwa wale waliomfukuza kazi, wanifanye watakavyo. Sijui atafanya nini. Anaweza kunipiga na ule mkongojo mbele ya watu, na ukiona hivyo usije mbio. Anaweza pia kukaa chini asiseme neno, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Ninakuomba kitu kimoja tu. Wewe hujamkosea, na nyumba yake ni yako. Akinifukuza, usinitetee, na usipande basi kurudi nami. Mshike mkono umpeleke nyumbani. Mimi nitarudi peke yangu.

Baba yako